Matangazo bado yanapenya kwenye ruta

SWALI: Nyumbani Korogwe natumia ruta ya laini ya 4G. Nimeweka DNS ya AdGuard, 94.140.14.14, matangazo yasitumalizie bando. Kwa dada yangu Handeni imekubali. Kwangu simu moja iko safi, nyingine imejaa matangazo. Tatizo nini?

JIBU: Fungua ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, utazame nafasi ya pili ya DNS. Wengi huweka 8.8.8.8 pale wakidhani ni akiba tu. Sivyo. Simu inaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na hiyo ya Google haizuii tangazo lolote. Weka 94.140.15.15, ambayo pia ni ya AdGuard. Kisha zima Wi-Fi ya simu uiwashe tena, maana hushikilia anwani za zamani.

Ikikaidi, ingia kwenye mipangilio ya simu hiyo, palipoandikwa “DNS ya Faragha”. Ukikuta jina la seva nyingine, simu inairuka ruta yako kabisa. Rudisha kwenye otomatiki. Chrome nayo ina DNS salama yake, ikague. Mshukiwa wa mwisho ni IPv6: kampuni ya simu ikiipa ruta anwani hizo pamoja na DNS zake, maswali hupita huko. Izime kwenye ruta, ujaribu tena.

YouTube usihangaike nayo. Matangazo yake hutoka kwenye seva zilezile za video. Ukizifunga, hata video haichezi.