Mnyoo Mwenye Shada la Manyoya

Tusikiapo neno mnyoo, wengi wetu twakumbuka chango, au nyungunyungu wa shambani. Lakini katika bahari za joto, Bahari ya Hindi ikiwa mojawapo, wako minyoo wengine walio wazuri kama maua. Jamii yao moja huitwa Sabellastarte. Mwili wa mnyoo huyu umo ndani ya mrija mlaini kama ngozi, alioujenga mwenyewe kwa ute na matope. Nje huonekana shada la manyoya tu. Kivuli kikimpitia, hujivuta ndani mara moja.

Shada hilo lina kazi mbili: kuvuta pumzi na kukamata chakula. Vinyweleo vidogo sana huyavuta maji yapite kati ya manyoya, na chembe zilizomo hunaswa na kupambanuliwa kwa ukubwa wake. Zilizo kubwa hutupwa, za kadiri hujengea mrija, na zilizo ndogo huliwa.

Amfugaye nyumbani katika tangi la kioo yampasa ashike mambo manne. Kwanza, maji yawe na chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila lita, na joto la digrii 24 hadi 26 za Sentigredi. Pili, tangi likae miezi kadhaa kabla mnyoo hajatiwa, ili bakteria waongezeke na kuigeuza amonia, ambayo ni sumu. Tatu, dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kamwe, maana humwua. Nne, asiwekwe pamoja na samaki wadonoao, kama samaki kipepeo.

Sasa tufikiri. Chujio kali huyafanya maji kuwa maangavu, na mwenye tangi hufurahi. Kumbe mnyoo anakufa njaa polepole, kwa kuwa chembe za chakula chake zimeondolewa. Kwa hiyo alishwe mimea midogo sana ya bahari, kidogo kidogo na mara nyingi, chujio likizimwa kwa muda mfupi. Akizidishiwa, maji huharibika. Shada likianguka, usimtupe kwa haraka: huenda akaota jingine baada ya majuma kadhaa. Lakini shada jipya likizidi kuwa dogo kila mara, jua kwamba njaa ingalipo.

Maswali

1. Kwa nini maji maangavu si lazima yawe maji mema?
2. Jamaa yake, Spirobranchus, huishi ndani ya matumbawe yaliyo hai. Je, kwa nini ni mgumu zaidi kumfuga?