Maji ya Ngozi na Namna ya Kuyahifadhi

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta wajipakayo kila asubuhi ndiyo yaipayo ngozi unyevu, kana kwamba maji yamo ndani ya kopo. Kumbe aghalabu ya vipakwavyo vinavyosifiwa madukani vina kazi moja katika mbili, ama kuyazuia maji yasitoke mwilini, ama kuyavuta na kuyashika yale yaliyokwisha kuwapo, na mtu asiyezipambanua kazi hizo atanunua vya ghali na ukavu wake usalie pale pale.

Tabaka ya juu kabisa ya ngozi, ambayo katika sehemu nyingi za mwili ni nyembamba kuliko karatasi, imefanywa kwa chembe zilizokwisha kufa, zikapangwa mfano wa mawe ya nyumba za kale za pwani, na baina yake mna shahamu zilizo badala ya chokaa. Shahamu hizo zikipungua, maji ya mwilini huvukizwa nje usiku na mchana, ngozi ikapauka, ikawasha, ikapasuka, na vijidudu vikapata mlango. Viziondoavyo tunavyo wenyewe majumbani: maji ya moto mno, dodoki lisuguliwalo kwa nguvu, na sabuni ya mche, ambayo ilikusudiwa nguo wala haikukusudiwa mwili wa mtoto. Kwa wakaao Njombe huzidi baridi kavu ya Juni na Julai, na kwa jamaa zetu wa Maskati huzidi kiyoyozi kisichozimwa.

Katika vivutavyo maji, kilicho rahisi na chenye kuaminika ni gliserini, aliyoipata mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1779 alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi. Tabia yake ni kuyavuta maji popote yalipo, na hapo ndipo penye manufaa yake na penye madhara yake pia. Maana akijipaka mtu gliserini tupu juu ya ngozi kavu, katika hewa kavu, itayavuta maji ya tabaka za chini za ngozi yenyewe, na yakifika juu yatavukizwa yapotee. Sharti basi ipakwe juu ya ngozi iliyo maji bado: matone machache katika kiganja kilicholowa, yasambazwe mikononi na miguuni, kisha juu yake upite mkono wenye mafuta kidogo ya kuziba. Asidi ya hayaluroniki, ambayo siku hizi huuzwa katika vichupa vidogo kwa thamani kubwa, ni ya jamii hiyo hiyo na hutaka masharti hayo hayo, nami sioni sababu ya aila yenye kipato cha wastani kuitafuta ilhali gliserini ipo.

Yurea nayo huvuta maji, walakini kiasi chake ndicho hukumu yake: krimu yenye 5 mpaka 10 katika 100 hulainisha ngozi kavu, na ile ipitayo 20 katika 100 huanza kuyeyusha ngozi ngumu, jambo linalofaa kwa visigino vilivyokakamaa tu. Huchoma penye jeraha, wala mtoto mchanga asipakwe illa kwa amri ya daktari. Na ile yurea ya shambani, iliyomo magunia ya mbolea, haihusiki na ngozi ya mtu hata kidogo.

Ama kwa kuziba, hayajapatikana bado mafuta ya kawaida yanayoyashinda mafuta ya mgando, yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, ambayo Robert Chesebrough wa Marekani aliyapatia hataza mwaka 1872. Wako wanaoyadharau kwa kuwa ni ya bei nafuu, na hiyo ni dharau isiyo na msingi. Yapakwe membamba, katika dakika tatu hivi baada ya kuoga, mwili ukiwa umepanguswa maji bila kukaushwa kabisa. Asipakwe mtoto ndani ya pua, maana mafuta yavutwayo kwa pumzi huweza kufika mapafuni yakaleta maradhi. Na kwa kuwa wazazi huona haya kulitaja, nitalitaja mimi: mafuta ya mgando, hali kadhalika ya nazi, hudhoofisha kondomu za mpira kwa muda mfupi sana, zikapasuka.

Miguu hutaka maelezo zaidi. Aliyepoteza hisi ya nyayo kwa sababu ya ukoma hufundishwa kuziloweka katika maji ya baridi yapata dakika 20 kila siku, kisha kuzipaka mafuta zingali zimelowa, kwa kuwa ngozi isiyotoa jasho hupasuka naye hana maumivu ya kumwonya. Mgonjwa wa kisukari asiloweke. Aoshe, akaushe vizuri katikati ya vidole, kisha apake kisigino na wayo, wala asipake baina ya vidole, ambako unyevu huotesha fangasi.

Kitu kipya kijaribiwe kwanza upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, muda wa wiki nzima. Kopo lisilo na orodha ya viambato liachwe dukani, seuze mkorogo, ambao huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, vitu viletavyo ulaini wa siku chache kwa gharama ya figo au ya ngozi yenyewe. Wala losheni ya kulainisha isidhaniwe kuwa kinga ya jua. Wenye ualbino wana krimu yao mahsusi, kama ile itengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC.

Limebaki jambo la moto. Nguo, shuka au bendeji iliyonyonya mafuta ya kupaka, yawe ya mgando au ya losheni nzito, ikiguswa na mwali huwaka upesi kuliko iliyo safi, na kuifua hupunguza mafuta hayo pasipo kuyaondoa yote. Kwa hiyo aliyejipaka kwa wingi asiinamie mafiga wala jiko la mkaa, asivute sigara kitandani, na koroboi iwekwe mbali na chandarua na matandiko yake.