Sauti ya Mtangazaji Masikioni Mwake

Mtangazaji anayejisikia kwa kuchelewa hawezi kutangaza. Ulimi unakuwa mzito, anarudia silabi, anakwama katikati ya jina la marehemu kwenye matangazo ya vifo, na familia iliyokaa Keroka ikingoja tangazo hilo inaumia. Wataalamu wa usemi wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1950: sauti ya mtu ikimrudia masikioni baada ya milisekunde 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya sekunde, hata msemaji hodari hupata kigugumizi. Basi fundi anayeunganisha hedifoni za studio, iwe Kisii mjini au Nyamira, aanze na swali moja: sauti ya mtangazaji inapitia wapi kabla ya kumfikia yeye mwenyewe?

Njia nzuri ni fupi: maikrofoni, miksa, hedifoni. Isizungukie kwenye mtambo wa kurushia matangazo wala isichukuliwe kutoka redioni. Studio ikiwa Nairobi na mtambo ukiwa huku kwetu, mawimbi yakipitia setilaiti, safari ya kupanda na kushuka peke yake hula karibu robo sekunde. Huko ndiko ulimi unakofungika kabisa. Matangazo ya intaneti huchelewa zaidi, aghalabu sekunde kadhaa.

Kama sauti lazima ipitie kompyuta, punguza bafa, yaani sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzipitisha. Sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 5 na ushei za kuingia, na nyingine kama hizo za kutoka. Mtangazaji hatapata kigugumizi, ila atajisikia kama anaongea ndani ya bomba, kwa kuwa sauti yake inamfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na hizo mbili zisipokwenda pamoja hukatana. Kadi nyingi za sauti za nje zina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Itumie hiyo. Na mtangazaji akilalamika kwamba sauti yake ni nyembamba hata kwenye njia fupi, mwongezee besi baadaye. Kwanza geuza kitufe cha fezi cha maikrofoni yake, umwache achague upande anaousikia vizuri. Mara nyingi malalamiko huishia hapo.

Wanaopiga simu wana shida yao. Mama wa Nyansiongo akiingia hewani na kusikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, atanyamaza au atakata. Mpelekee kila kitu kilicho kwenye miksa isipokuwa sauti yake. Kwenye miksa ya kawaida tumia njia ya AUX: fungua maikrofoni zote na muziki, funga kabisa AUX ya chaneli ya simu yenyewe. Ukiwa na simu mbili, kila moja ipewe AUX yake, la sivyo wapigaji hawatasikizana.

Sasa sauti kubwa, na hapa nawasihi wakuu wa vituo wasikilize. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unapungua kwa nusu. Mtangazaji wa asubuhi anayekaa hewani saa nne kwa siku tano amefikisha saa 20, kwa hiyo asizidi 83. Akifika 90, anaruhusiwa saa nne tu kwa wiki nzima, nazo zimeisha Jumatatu. Masikio hayo ndiyo kazi yake, na yakiharibika hayarudi. Wengi hupandisha sauti kwa sababu mbili tu: hedifoni za wazi zinazoruhusu kelele za chumba, na kugawanya tundu moja kwa waya wa matawi. Hedifoni nne za omu 32 kwenye tundu moja huwa mzigo wa omu 8, miksa inachoka na sauti inakwaruza. Ukichanganya za omu 32 na za omu 250, mwenye za 32 atapigwa kelele huku mwenzake akiomba aongezewe. Nunua amplifaya ndogo ya hedifoni yenye kitasa cha kila mtu, na hedifoni zilizozibwa, si za wazi. Hizo pia huzuia muziki usivuje kuingia kwenye maikrofoni.

Nyanda za juu za Gusii zina radi nyingi, na stima hupotea mlimani huku studio ikiendelea kwa jenereta. Mtangazaji anayesikiliza miksa tu anaweza kuongea nusu saa bila kujua kwamba mtambo umezima. Dawa si kumrudishia sauti ya hewani masikioni. Weka redio ya kawaida kwa mtayarishaji, na taa inayowaka mbele ya mtangazaji pale mawimbi yanapokatika.

Mechi ya timu ya soka ya Shabana kwenye Uwanja wa Gusii hutangazwa kwa kanuni ileile ya njia fupi. Miksa ndogo iwe mezani kwa mtangazaji, ajisikie kutoka hapo hapo katika sikio moja, na sikio la pili lipokee studio bila sauti yake. Jaribu yote haya saa moja kabla ya mpira, mashabiki wakiwa wameanza kuimba, kwa sababu kiwango kilichopangwa uwanja ukiwa mtupu hakitatosha bao likifungwa.