Tuhamie Kibaha? Piga Hesabu Kwanza!

Wazazi wanataka mhamie Kibaha. Kodi nafuu, kelele kidogo. Sawa, lakini shule yako iko Dar es Salaam, kama kilomita 40 kwa barabara ya Morogoro. Je, mwili wako utamudu?

1. USINGIZI. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukilala saa 5 usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri, umepata saa 5 na nusu tu. Darasani utasinzia, hasira zitakuwa karibu.

2. USALAMA. Alfajiri kituoni ni giza. Atatokea mwenye gari: leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa anadai "shukrani". Mimba na virusi vya UKIMWI huweza kuanzia hapo. Kataa mapema, mwambie mtu mzima unayemwamini.

FANYA HIVI: Kabla ya kuhama, safiri na mzazi siku ya kazi, kwenda na kurudi. Andika muda na nauli. Kisha jadilianeni: kuhamia shule ya Kibaha, bweni, au kubaki?

ZOEZI: Wewe hulala saa ngapi kwa usiku mmoja? Hesabu wiki nzima.