Kiingereza Kigumu Hujifunzwa Kazini: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha na Meru

Watu wengi wanaotaka kupanua msamiati wao wa Kiingereza huanza na orodha. Mtu anapakua maneno magumu elfu moja, anakariri ishirini usiku mmoja, na wiki ikiisha hakumbuki hata matatu. Tatizo si akili yake. Orodha ile imetungwa na mtu asiyemjua, na maneno yake hayana kazi yoyote katika siku yake. Neno hukaa kichwani pale linapohitajika tena kesho na keshokutwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, jiulize unakutana wapi na Kiingereza kigumu. Mwongoza watalii hukutana nacho lango la Momella. Mkulima wa mboga wa Tengeru hukutana nacho kwenye lebo ya dawa, na karani kwenye mafaili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili hukikuta ghafla kidato cha kwanza, karibu katika kila kitabu. Chagua uwanja mmoja, ule unaokulisha au utakaokulisha, uanzie hapo.

Tuchukue Mlima Meru wenyewe. Mgeni aliyefika kibanda cha Miriakamba akatazama kuta za kreta atataka kujua kama mlima huu bado una moto. Kiingereza kina maneno matatu ya kumjibu, na kila moja lina mipaka yake. "Active" ni volkano inayolipuka sasa au iliyolipuka karibuni, kama Ol Doinyo Lengai. "Extinct" ni ile iliyozimika, isiyotarajiwa kulipuka tena. "Dormant" imelala lakini inaweza kuamka, na Meru kwa kawaida huwekwa hapo, kwa kuwa mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Mwongozaji anayesema mlima umekufa amemweleza mgeni kitu tofauti kabisa, ingawa sentensi yake haina kosa hata moja la sarufi. Umuhimu wa maneno adimu uko hapo: yanatenganisha vitu ambavyo maneno ya kawaida huvichanganya.

Na "dormant" si neno geni kama linavyoonekana. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulala, na aliyewahi kusoma shule ya bweni analijua ndugu yake, "dormitory". Ukishaona undugu huo, hulisahau tena. Mbega weusi kwa weupe wa msitu wa Meru nao wana kisa chao. Jina lao la Kiingereza, "colobus", linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichokatwa, kwa sababu mnyama huyu karibu hana kidole gumba. Mwongozaji anayejua hilo amepata neno na maelezo ya dakika mbili ya kumpa mgeni chini ya mti.

Sehemu kubwa ya msamiati wa juu wa Kiingereza imeundwa hivyo, kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyorudi tena na tena. Kujifunza kipande kimoja kuna faida kuliko kukariri maneno kumi yaliyotawanyika. Ingia duka lolote la pembejeo uone. "Insecticide", "herbicide", "fungicide": mkia ni mmoja, na maana yake ni kuua. Kiswahili nacho kimejenga maneno yake vivyo hivyo, ila kimetanguliza kifo mbele: kiuadudu, kiuagugu, kiuakuvu. Mkulima wa kahawa anayepambana na chulebuni anahitaji dawa ya kuvu. Akisoma lebo ya Kiingereza akachanganya mikia na vichwa, anaweza kupulizia mibuni yake dawa ya magugu. Hapo neno moja lina thamani ya msimu mzima.

Mkia huohuo ndio uliounda neno zito kuliko yote yaliyowahi kutamkwa rasmi katika jiji hili. Mwaka 1944 mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi kutoka Poland, aliona kwamba sheria haina jina la uhalifu wa kutaka kufuta kabila au taifa zima la watu. Alichukua neno la Kigiriki la ukoo au kizazi, akaliunga na mkia wa Kilatini wa kuua, akapata "genocide". Miaka hamsini baadaye Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama kwa ajili ya Rwanda, ikaketi Arusha katika kituo cha mikutano cha AICC, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia Jean-Paul Akayesu hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Kiswahili kikalipa jina la mauaji ya kimbari. Ninalitaja kwa sababu vijana wengi wanaosoma sheria hapa hulikariri kama istilahi ya mtihani, ilhali lilitungwa na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuwatetea watu wake, na likapata nguvu ya hukumu barabara chache kutoka Mnara wa Saa.

Mkia mwingine wa kuujua ni "-osis", unaoonyesha hali au ugonjwa, kama katika "tuberculosis". Maji ya maeneo mengi ya Meru yana floridi nyingi, na ndiyo maana watu wengi waliokulia huku wana meno ya rangi ya kahawia. Kitaalamu hali hiyo ni "dental fluorosis". Wageni huuliza, na inafaa kuwajibu kwa neno sahihi.

Msemaji wa Kiswahili ana hazina nyingine ambayo hatuitumii. Kiarabu kilichokopesha Kiswahili kiliikopesha pia Ulaya, kwa hiyo tunayo maneno ya Kiingereza ambayo ni binamu wa maneno yetu. "Decipher", yaani kufumbua maandishi yaliyofichwa, limejengwa juu ya "cipher", na hilo limetoka chanzo kimoja na sifuri. "Tariff", ushuru wa bidhaa unaojadiliwa kila siku makao makuu ya Jumuiya, ni ndugu wa taarifa. Na mashabiki wa Arsenal wajue kwamba jina la klabu yao, ambalo ni neno la kawaida la Kiingereza kwa ghala la silaha, lilianza kwa Waarabu kama nyumba ya ufundi, kwenye shina lilelile lililotupa neno sanaa.

Sasa kazi yenyewe. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila neno lipe ukurasa wake. Chukua "endemic". Juu andika neno, na chini yake silabi yenye mkazo, ambayo hapa ni ya pili. Kisha andika rafiki zake, maana neno halitembei peke yake: mnyama huwa "endemic to" mahali fulani. Andika na maana yake ya pili, kwa sababu ugonjwa pia huwa "endemic" unapokaa katika eneo daima, kama malaria. Mwisho andika sentensi ya kweli, yenye jina la mahali unapopajua. Kwa mfano, chura wa Kihansi alikuwa akipatikana katika bonde la mto Kihansi tu, hapa Tanzania, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Sentensi hiyo ukiiandika kwa Kiingereza itabeba "endemic" na "extinct in the wild" kwa pamoja. Sentensi ya kubuni juu ya John na Mary haitakufikisha popote.

Kwa sentensi za mfano, kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili iliyotoka mwaka 1996 inakupa kisawe, lakini haitoshi. Ongeza kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanafunzi wa lugha, kama Oxford Advanced Learner's, inayoonyesha neno linavyotumika na kama ni la rasmi au la mtaani.

Kurudia ndiko kunakotenganisha anayejua na aliyewahi kujua. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha taratibu, na kwamba kurudia kwa vipindi kunazuia hasara hiyo. Baadaye Sebastian Leitner akaja na sanduku la kadi. Kata manila vipande vidogo, neno upande mmoja na maana na sentensi upande wa pili. Chukua boksi la viatu uligawe sehemu tano. Kadi mpya hukaa sehemu ya kwanza na hurudiwa kila siku. Ukiijibu inasogea mbele, inapokaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudiwa. Ukikosea inarudi mwanzo. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia programu ya Anki bila malipo na kupitia kadi zake ndani ya daladala kutoka Usa River. Maneno matano kwa wiki yanatosha kabisa.

Usiache sauti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mkazo wa Kiingereza huhama. Katika "photograph" uko silabi ya kwanza, katika "photographer" ya pili, katika "photographic" ya tatu. Tamka kwa sauti mara kadhaa, ukisikiliza kamusi ya simu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kujua wakati wa kuliacha neno adimu. Maneno mengi magumu tunayahitaji kuelewa, si kuyasema. Watalii Wahispania na Wajerumani nao, Kiingereza kwao ni cha kujifunza. Saa tisa usiku, karibu na Rhino Point kwenye njia ya kilele cha Meru, mgeni anapotapika na kuyumba kwa ugonjwa wa mwinuko, unamwambia "We go down now". Neno refu hapo linaweza kumwumiza mtu. Katika barua ya kuomba kazi vilevile, neno usilolimiliki vizuri huonekana papo hapo.

Kwa masikio, Arusha imebarikiwa. Mahakama ya Afrika Mashariki huendesha kesi kwa Kiingereza, na vikao vyake kwa kawaida ni vya wazi. Vaa kwa heshima, beba kitambulisho, zima simu, keti nyuma na daftari lako. Utasikia "jurisdiction", "appellant", "inadmissible" yakitumiwa na watu wanaoyategemea. Usijaribu kuandika kila kitu. Chukua matatu tu yaliyojirudia, uyatafute jioni ileile, na kesho yake yawe kadi zako za kwanza.