Kengele Imelia, Mama Bado Yuko Posta: Vidokezo 8 vya Mchana wa Mwanao

Saa tisa alasiri, mwanao wa darasa la saba anafungua mlango Mbagala. Wewe uko Posta, kazi hadi saa kumi na moja, kisha foleni. Ukiwahi sana ni saa moja usiku. Hapo katikati pana saa nne zisizo na mwenyewe. Umri wa miaka 12 au 13 ndio huo: kuwekewa mtu wa kumwangalia anaona aibu, kuachiwa mji mzima bado. Askari hamhitaji. Anachohitaji ni mtu anayejua yuko wapi.

1. "Nimefika" iwe sheria ya kwanza. Acha kitochi nyumbani, au elewana na mwenye duka la jirani. Neno moja linatosha. Nusu saa ikipita kimya, unajua pa kuanzia: jirani, kisha mwalimu wa darasa. Na akipiga, usigeuze simu kuwa mtihani wa hesabu. Atakwepa kupiga kesho.

2. Jirani aombwe rasmi. "Uniangalizie huyo" la kupitia dirishani halimfungi mtu. Nenda ukae, umweleze saa zenyewe, umpe namba yako, na mtoto awepo akisikia. Sikukuu ikifika, sahani ya pilau ivuke uzio.

3. Tumbo kabla ya daftari. Njaa ya saa tisa haina adabu. Viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri, au wali na maharage ndani ya hotpoti, vitamwokoa. Usipoacha kitu, nauli ya kesho itaishia kwenye chipsi. Jiko la gesi aliwashe akiwa peke yake baada ya kulizoea mkiwa wote, Jumamosi kadhaa mfululizo. Kabla ya hapo, mtungi ubaki umefungwa.

4. Nusu saa ya kujilaza. Tangu asubuhi amekaa darasani, na kwenye daladala huenda amesimama njia nzima. Mwache ajinyooshe, aangalie dari. Si uvivu huo.

5. Kazi ya shule ifuate jua. Dar, mwaka mzima machweo hayachezi mbali na saa kumi na mbili na nusu, na LUKU ina tabia ya kuisha usiku wa mtihani. Meza isogezwe dirishani, kazi ngumu ianze kwanza. Kitabu kikikosekana, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Mfungulie kwenye simu yako ukirudi. Tuisheni kama ipo, uliza inaisha saa ngapi na anarudi na nani. Ya kila siku inamla mtoto mzima.

6. Kazi moja ya nyumbani, si orodha. Kuosha vyombo, kuchambua mchele, au kujaza ndoo siku maji yakitoka. Moja, iwe yake, na asipoifanya ionekane. Wa kiume naye ana mikono. Binti akibebeshwa zote, mchana wake umekwisha kabla hajafungua daftari, halafu mwisho wa muhula tunashangaa kaka yake kampita.

7. Mchezo una saa yake. Mpira, rede, kombolela: vyote halali. Kubalianeni mambo matatu tu: uwanja upi, na nani, na mwisho lini. Kwa mwisho, tumia adhana ya magharibi. Haiishi chaji, na huwezi kudai hukuisikia wakati mtaa mzima umeisikia.

8. Namba ziandikwe ukutani. Simu ikipotea, ukuta upo. Polisi 112, zimamoto 114, na 116 ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure. Hiyo ya mwisho ieleze vizuri: anaweza kuipiga hata kwa jambo analoogopa kukwambia wewe. Ongeza sheria moja ya mlango: akiwa peke yake haingii mtu, hata anko anayemjua kwa jina. Mgeni mwema atasubiri kwa jirani.

Usiyaanze yote Jumatatu hii. Chukua namba moja na namba mbili, yakikaa sawa ongeza lingine. Na jioni ukiingia, miguu inawaka, jicho litakimbilia sinki. Lizuie kidogo. Uliza kwanza nani kashinda kombolela. Vyombo vitakuwepo tu, na aliyeulizwa habari za mchana wake kesho atapiga "nimefika" bila kukumbushwa.