Dirisha Langu Lilipogoma Kukaa Kona

Wenzangu mnaoanza projekti ya mwaka wa mwisho, someni hili kabla halijawakuta.

Programu yangu ilikuwa ndogo tu: saa ya kupima muda wa mazoezi ya maabara. Dirisha lake linakaa kona ya juu kulia, na ukibonyeza F9 saa inasimama hata kama uko kwenye programu nyingine. Dirisha nililitengeneza kwa GTK 3. F9 niliikamata kwa kuongea na Xlib moja kwa moja. Kwenye laptopu yangu kuukuu, mambo safi. Siku tatu kabla ya kuwasilisha nikaijaribu kwenye kompyuta mpya ya chumba cha kuwasilishia. Dirisha likafunguka katikati. F9 kimya. Na hakuna hata ujumbe mmoja wa kosa, jamani!

Kumbe Linux ya pale ilishahama kutoka X kwenda Wayland.

X ilianzia MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11 lilitoka 1987. Humo programu yoyote iliyokwisha kuingia inaweza kujisogeza itakako, kupiga picha skrini nzima, hata kusikiliza vitufe vya jirani. Yaani kikokotoo chako kinaweza kusoma nenosiri unaloandika kwenye kivinjari. Bweni lisilo na kufuli! Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imefunga milango. Programu inachora picha yake na kuikabidhi kwa kompozita, ambayo ndiyo inayopanga skrini. Programu inajua ukubwa wake, haijui iko wapi. Vitufe vinaifikia pale tu dirisha lake linapokuwa ndilo linalotumika. Mambo mawili niliyoyategemea ndiyo hasa yaliyokatazwa.

Nikajaribu njia ya mkato: GDK_BACKEND=x11, inayoipitisha programu kwenye XWayland, seva ya X inayoishi ndani ya Wayland. Dirisha likarudi kona. F9 ikaitika, nikashangilia, kisha nikafungua Firefox. Kimya tena, maana Firefox ilikuwa upande wa Wayland, na XWayland haipati vitufe vya huko.

Nilikuwa natafuta jina jipya la kila amri ya zamani, na nyingine hazina mrithi. Hata GTK 4 imeifuta kabisa gtk_window_move. Basi F9 nikaisajili kwenye mipangilio ya kibodi ya GNOME, iendeshe amri yangu ndogo inayoipasha habari programu kupitia D-Bus. Kona nikaiacha. KDE inakubali layer-shell, itifaki ya kubandika dirisha pembeni, GNOME haikubali. Mtumiaji atalivuta mwenyewe.

Mtahini akauliza palepale, mbona pendekezo lako linasema kona? Nikamweleza habari ya nenosiri. Alama za kona alikata hivyohivyo.

Nyie andikeni echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye kompyuta mtakayowasilishia, wiki ya kwanza kabisa. Ikijibu wayland, mjue mnaanzia wapi.